Paa la Mbao Nililolitupa Greyville

Nyinyi vijana mnaokuja kunisalimia Jumapili baada ya ibada mmeniuliza mara nyingi ni gari gani lililonishinda katika miaka yote niliyonyoosha bodi hapa Durban. Mnangoja nitaje teksi iliyobinywa na lori, au yale magari marefu ya matajiri wa Umhlanga. Lililonishinda lilikuwa gari dogo la Kijerumani, jepesi kiasi kwamba watu wawili wangelisukuma huku wakipiga soga. Lilinishinda kwa sababu nilidhani nimeshalielewa.

Mimi ni mtoto wa seremala wa Bukavu. Baba alitengeneza milango, mabenchi ya kanisa na masanduku ya maiti, na alitaka nishike randa baada yake. Mimi nikakimbilia chuma. Nilimwambia mbao ni mambo ya wazee, nikaenda kujifunza bodi kwenye gereji moja karibu na soko. Alininunia mwaka mzima.

Vita vilipotutoa Bukavu, mimi na mke wangu Mama Neema tulishuka nchi baada ya nchi mpaka tukafika hapa, miaka ile ya mwisho wa tisini. Kazi yangu ya kwanza ilikuwa kulinda magari ya watu kando ya ufuko. Ukisimama kutwa kati ya magari yasiyo yako, na wewe ni fundi, mkono unawasha. Nilikuwa nayagonga kwa kifundo cha kidole, taratibu, nikisikiliza. Hilo mlijue: bati zima linalia, bati lililojazwa puti, ule uji mzito wa kuzibia mabonde, linanyamaza. Siku moja nikagonga mlango wa gari la mzee mmoja wa Kihindi, naye akanikuta.

"Unafanya nini na gari langu?"

Kiingereza changu wakati ule kilitosha kuombea maji tu. Nikamwambia kwa kuokoteza maneno, "Huu mlango, bwana, una puti nene kama chapati. Fundi aliyeufanya alikuwa na haraka."

"Fundi mwenyewe ni mimi," akasema.

Huyo ndiye Uncle Siva. Wote tulimwita hivyo, kwa desturi ya Wahindi wa Durban. Alikuwa na gereji Greyville, mtaa wa nyuma ya uwanja wa mbio za farasi, na Jumatatu iliyofuata nilikuwa ndani yake na nyundo mkononi. Tulikuwa watu watatu tu. Uncle Siva alishika injini, mimi bodi, na Bab' Mkhize, Mzulu aliyetuzidi sote umri, alipiga rangi.

Bab' Mkhize alinifundisha kwa kunicheka. Wiki ya kwanza nilichanganya rangi nyekundu chini ya taa ya ndani, nikaona imelingana sawasawa. Tulipolitoa gari uani, mlango ulikuwa wa rangi ya nyanya na gari lote la rangi ya damu. Alicheka mpaka akakaa chini. "Rangi ipeleke nje," akaniambia. "Iangalie asubuhi, iangalie mchana, ndipo uamue." Mpaka leo nikimwona kijana anachanganya rangi chini ya taa, mgongo unanisisimka.

Uncle Siva naye alikuwa na sheria moja. Kila gari lilikuwa na kadi ya kazi iliyoning'inizwa kwenye kioo. Fanya kilichoandikwa kwenye kadi. Ukikuta kingine, simama, uliza. Nilimsikia akisema hivyo labda mara mia, na kwa mara zote hizo nilitikisa kichwa.

Gari lenyewe liliingia asubuhi ya mvua, likitoa moshi wa buluu na sauti kama ya cherehani. Injini yake ilikuwa ya mipigo miwili, ile unayochanganyia oili ndani ya petroli, ndogo kama ya pikipiki. Aliyeliendesha alikuwa mama mzee wa Kizungu, mwembamba, kitambaa kichwani, na bega lake la kushoto lilikuwa limelowa chapa. Aliitwa Gerda. Alikuwa Mjerumani, mjane wa fundi wa meli, akiishi peke yake kwenye fleti za Point karibu na bandari. Uncle Siva alikuwa akimtengenezea injini tangu zamani, lakini bodi hakuwahi kuigusa.

Kwenye kadi Uncle Siva aliandika: maji yanaingia, paa, kona ya nyuma kushoto. Mchana huo huo akaondoka kwenda Pietermaritzburg kwenye harusi ya mpwa wake. Harusi zao ni za siku nyingi.

Nikaanza kazi. Paa lilikuwa limefunikwa ngozi ya plastiki ya kijivu, iliyobandikwa vizuri mno. Nikaifunua kidogo pale konani. Chini yake sikuona bati. Niliona plaiwudi, imeoza kwa unyevu wa Durban, inamong'onyoka kama mkate uliolowekwa chai. Nikafunua zaidi. Plaiwudi. Nikafunua lote. Plaiwudi kutoka mbele hadi nyuma, imelazwa juu ya mbavu za mbao.

Nikamwita Bab' Mkhize. "Njoo uone. Mtu amefunika gari kwa mbao za makasha!"

Alizunguka mara mbili bila kucheka. "Muulize mwenyewe," akasema.

"Uncle Siva yuko harusini."

"Nasema mwenye gari. Point si mbali."

Sasa sikilizeni jinsi nilivyojidanganya, kwa sababu haukuwa ujinga mtupu, na ndiyo maana ni hatari. Nilipiga ubavu wa gari kwa kifundo: bati. Nikapiga mlango: bati. Boneti: bati. Nikaleta sumaku, ikanata kote. Basi nikajiambia, gari ambalo mwili wote ni bati haliwezi kuzaliwa na paa la mbao. Paa la kwanza liliharibika, na fundi fulani mwenye njaa akaziba kwa alichokipata. Hesabu ilikaa vizuri kichwani. Na kusema kweli, sikutaka kupanda ngazi za Point nikabishe mlango wa Mzungu mzee na Kiingereza changu kile. Nikaona bora nimpe zawadi. Atarudi, atakuta paa la chuma, atafurahi.

Nilichukua pikapu ya Bab' Mkhize nikaenda Isipingo, kwenye yadi ya vyuma chakavu nyuma ya stendi ya teksi. Nikakuta paa la kigari cha mizigo, zima, halina kutu. Nikalikata, nikalipunguza, nikaligonga juu ya mfuko wa mchanga mpaka likapata mviringo, nikalichomelea kwenye kingo za bati za ubavuni. Siku tatu za kazi. Nasema bila kujisifu, ungeliona ungedhani lilitoka kiwandani. Ile plaiwudi, mbavu zake za mbao na ile ngozi nilizitupa kwenye pipa kubwa la nje, na lori la taka la manispaa likapita likazibeba.

Siku ya nne Mama Gerda akaja kutazama. Nilikuwa nimelipangusa bati mpaka linang'aa. Nikasimama kando kama bwana harusi.

Alisimama mlangoni. Kisha akaja, akaweka kiganja juu ya paa, akakitoa haraka kana kwamba limemuunguza.

"Paa langu liko wapi?"

"Hili hapa, Madam. Sasa ni chuma halisi. Maji hayaingii tena maisha."

"Nimekuuliza paa langu liko wapi."

Nikamwambia lilikuwa mbao, limeoza, nimelitupa, lori limelichukua. Kila neno nililosema nililiona likimwingia. Hakupiga kelele. Alitafuta pa kukaa, Bab' Mkhize akamsogezea kiti, akakaa na mkoba wake mapajani.

"Lilitoka kiwandani hivyo," akasema. "Lilioza kona moja tu. Nilikuja kwa ajili ya kona moja."

Baadaye akainuka, akatoka nje, akaenda zake kwa miguu kwenye jua la saa saba. Gari aliliacha.

Uncle Siva alirudi siku iliyofuata akiwa na hina ya harusi bado imebaki kwenye kidole kimoja. Alilitazama paa, akaitazama kadi, akaisoma kwa sauti: "Kona ya nyuma kushoto." Akanipa niisome na mimi. "Anselme, mama huyu alikuwa mteja wangu kabla hujajua Durban iko wapi. Utalirudisha kama ulivyolikuta. Ukishindwa, sina namna ya kukaa na wewe."

Nikauliza nitarudishaje kitu nisichokijua.

"Hapo ndipo ulipopaswa kuanzia," akasema.

Mchana nilikwenda saluni alikokuwa akisuka Mama Neema, pale pale Point. Nilikaa kwenye benchi la wateja nikamweleza yote, kuanzia Mzungu mkali mpaka Mhindi asiye na shukrani. Alikuwa na kichwa cha mtu mikononi, hakugeuka.

"Ile gari, uliuliza mwenyewe mbele ya kutosha paa?" Kwetu Bukavu kutosha ni kuondoa.

"Hapana, lakini—"

"Sasa iko nini ya kubishana? Yule mama anakaa wapi?"

"Iko hapa tu, nyuma ya barabara ya pili."

"Basi unakaa hapa juu ya nini? Enda."

Yule mteja aliyekuwa akisukwa naye akasema, "Enda, papa." Nikaenda.

Ghorofa ya tatu, lifti mbovu. Mama Gerda alifungua mlango kwa upana wa mnyororo. Niliona jicho moja na nusu ya mdomo.

"Siva amekutuma?"

"Hapana, Madam. Nimekuja mwenyewe. Nilifanya vibaya. Nilipaswa kukuuliza, sikukuuliza. Nataka kulirudisha lakini sijui lilitengenezwa vipi. Wewe unajua."

"Mimi ni mzee," akasema, akapitisha vidole vyake kwenye ule upenyo nivione. Vilikuwa vimepinda kwa baridi yabisi, kila kimoja upande wake. "Siwezi kushika hata sufuria."

"Mikono ninayo mimi," nikasema. "Baba yangu alikuwa seremala."

Mlango ukafungwa. Nikadhani mambo yamekwisha. Kisha nikasikia mnyororo ukitolewa.

Alinipa kahawa kali isiyo na maziwa, akatandaza karatasi ya kaki mezani, na hapo ndipo nilipolijua lile gari. Yeye alikuwa amefanya kazi kwenye kile kiwanda tangu usichana wake, kule kaskazini mwa Ujerumani, baada ya vita. Alisema mji ulikuwa vifusi, watu walitaka magari, na bati halikupatikana. Mwenye kiwanda akaamua kutengeneza gari kwa kilichopo. Chasisi na injini vilikuwa vya chuma, kwa kuwa hapo hakuna ujanja. Lakini mwili ulikuwa fremu ya mbao, juu yake plaiwudi, juu ya plaiwudi ngozi ya plastiki iliyobandikwa kwa gundi. Mlango mbao, ubavu mbao, paa mbao.

"Watu walitucheka," akasema. "Walisema gari letu limefungwa plasta kama kidonda. Lakini walilinunua. Mtu aliyekuwa akienda kazini kwa baiskeli kwenye theluji, ukimpa paa, hakuulizi ni la mbao au la bati."

Kisha bati likaanza kupatikana, kidogo kidogo. Nami nilikuwa nimedhani kiwanda kikibadilisha kitu, kinabadilisha chote siku moja. Akacheka. Walianza na sehemu zilizoumia zaidi. Milango na pande zikawa za bati, paa likabaki la mbao, kwa sababu mashine ya kukandamiza bati kubwa la paa ilikuwa haijaja. Kwa hiyo kuna magari ya mwanzo ambayo ni mbao tupu, kuna ya mwisho ambayo ni bati tupu, na kuna haya ya katikati, yaliyotengenezwa kwa muda mfupi tu, mwili bati na kichwa mbao. La kwake lilikuwa la katikati. Ile hesabu yangu nzuri ya sumaku ilivunjikia hapo.

Na kazi yake Mama Gerda ilikuwa nini? Kubandika paa. Wasichana wawili kwa kila paa, mmoja huku na mmoja kule, wanavuta ngozi kutoka katikati kwenda pembeni. Mwenzake upande wa pili aliitwa Lotte. Asubuhi moja walifika wakakuta meza zao zimeondolewa na mahali pake pamesimama mashine. Mama Gerda alipelekwa kushona viti. Lotte aliambiwa hakuna nafasi. Wakati huo mume wa Mama Gerda alikuwa anataka gari, akaambiwa mapya yenye paa la bati yapo. Mama Gerda akakataa, akamtafutia lililokwisha tumika, lenye paa la mbao. Ndilo walilokuja nalo Durban kwa meli.

Nikamwuliza kwa woga, "Paa lile ulilibandika wewe?"

Akafikiri. "Sijui. Huenda. Tulikuwa jozi nyingi pale mezani. Lakini nilizoea kulifikiria hivyo."

Nilitamani angesema hapana.

Wiki zilizofuata alikuja gerejini kila asubuhi isipokuwa Jumapili. Uncle Siva alikuwa akimfuata kwa gari. Tulilikata lile bati langu zuri. Kila cheche ilinikera, lakini niliendelea kukata. Kisha nikaenda kununua randa, mara ya kwanza tangu nitoke nyumbani kwa baba.

Mbavu za paa zilikuwa rahisi. Kupinda plaiwudi ndiko kulikonitoa jasho. Mjue, plaiwudi nene haikubali. Chukua nyembamba, mbili, uzigandishe moja juu ya nyingine zikiwa tayari zimepindwa. Unamwagia maji ya moto, unaifunga kwa mikanda juu ya umbo ulilochonga, unaiacha ikauke. Gerejini Durban haikauki. Hewa yenyewe ni maji. Ya kwanza niliifungua mapema, ikajinyoosha mbele ya macho yangu kama mtu anayeamka. Ya pili niliipa mviringo mdogo mno. Mama Gerda aliweka gololi ya mtoto katikati, nayo haikubiringika kwenda popote.

"Maji yatakaa hapo," akasema. "Toa."

"Madam, ni kidogo tu."

"Toa."

Ya tatu ilikaa.

Kubandika ngozi kulihitaji watu wawili, na wa pili akawa Bab' Mkhize. Mama Gerda alikaa kati yetu kwenye kiti, akatuamuru. Tuliianika ngozi mpya ya plastiki juani kwanza ilainike. Gundi tulipaka kabla ya saa nne asubuhi, kwa kuwa baada ya hapo upepo wa bahari huleta unyevu na gundi haishiki. Katikati kwanza, halafu pembeni, msishindane kuvuta. Tulishindana. Mkunjo ukatokea, mrefu, ukakatiza paa zima.

"Eish," akasema Bab' Mkhize.

Mama Gerda akainuka. Alichukua kijiko cha mbao kutoka kwenye mkoba wake, akajaribu kukishika, kikamponyoka. Akajaribu tena. Mwishowe alinishika mkono wangu wenye kijiko, akaufunika kwa mkono wake, akausukuma. Polepole, kwa mgongo wa kijiko, kutoka katikati kwenda nje. Mkunjo ukatembea mbele ya kijiko mpaka ukaishia ukingoni. Tulikwenda hivyo paa lote, na Bab' Mkhize akifuata mwendo wetu kwa upande wake. Nilisikia tu pumzi ya Mama Gerda, naye alikuwa analia, lakini mkono wake haukusimama.

Tulipomaliza akaenda upande wa Bab' Mkhize, akakagua ukingo wake wote, akamwambia, "Wewe ni bora kuliko Lotte." Bab' Mkhize aliitembeza sifa hiyo mtaa mzima kwa mwezi.

Mngependa hadithi iishe hapo. Bado. Macho ya Mama Gerda yalikuwa yanafifia, alipita robot nyekundu, yaani taa ya barabarani, mara mbili bila kuiona, na binti yake alitaka ahamie kwake Johannesburg. Ikabidi gari liuzwe. Akaja mnunuzi, bwana mmoja mkusanyaji wa magari ya kale, ana tochi na kioo cha kukuzia. Alilichunguza karibu saa nzima. Alipofika kwenye paa akaguna kwa furaha.

"Nimetafuta hili miaka mingi," akasema. "Haya ya katikati wote wameyaharibu. Paa la kiwandani, halijawahi kuguswa!"

Uncle Siva akaangalia sakafu. Bab' Mkhize akaanza kufuta bunduki ya kupulizia rangi iliyokuwa safi tayari. Mama Gerda alikaa kwenye kiti chake, ananitazama mimi. Sikuweza kusoma uso wake. Alihitaji gari liuzwe, na lawama ya kuharibu biashara ingekuwa yangu mara ya pili.

Nilijiambia ninyamaze, si mimi niliyeulizwa. Halafu nikakumbuka kwamba kutoulizana ndiko kulikonifikisha pale.

"Bwana," nikasema, "hilo paa nimelitengeneza mimi. Hapa hapa. La kiwandani nililitupa kwa kutojua."

Yule bwana alizima tochi. Aliuliza kama natania. Uncle Siva akamwambia hapana. Akakunja kioo chake, akasema atapiga simu, na hakupiga.

Uncle Siva alinigeukia. "Ulikuwa na haja gani?"

"Mwache," Mama Gerda akasema. "Kama angenyamaza ningesema mimi, na nisingekuja hapa tena."

Baada ya mwezi hivi akaja mwalimu wa shule kutoka Pinetown. Huyu tulimweleza kabla hajakaa. Alisikiliza yote, na swali lake la kwanza lilikuwa kama paa linavuja. Nikamwambia alimwagie maji mwenyewe. Akamwaga ndoo tatu. Akalichukua.

Siku ya kulikabidhi, kitambaa cha dari ya ndani kilikuwa hakijafungwa bado. Mama Gerda akaniomba penseli ya seremala. Alitaka kuandika kitu kwenye ubavu wa mbao, kwa ndani, kabla haujafunikwa. Vidole vikakataa. Akanirudishia.

"Andika wewe. Kwa lugha yako. Fundi atakayelifungua siku moja atamtafuta mtu wa kumsomea, na huko ndiko kuuliza kutakakoanzia."

Nikajilaza kwenye kiti cha nyuma, uso juu, nikaandika: Paa hili ni la pili. La kwanza lilikuwa la mbao pia, nililitoa bila kumuuliza mwenyewe. Hili tumelitengeneza watu watatu, Greyville, Durban: Gerda, Mkhize, Anselme.

Akaniuliza nimeandika nini, nikamtafsiria. Akasema jina lake nimelitanguliza bure, maana hakushika kitu. Nikamwambia sifuti. Nikaufunga ule ubavu kwa kitambaa, msumari baada ya msumari, na Bab' Mkhize akafungua geti. Mwalimu akaliwasha. Likatoka na moshi wake wa buluu, likakunja kushoto kando ya uwanja wa farasi, na Mama Gerda akabaki amesimama barabarani, mkono mmoja begani kwangu, mpaka ile sauti ya cherehani ikapotea.